Gobi wawili na tawi lililochunwa: kisa kizima cha tangi la kliniki moja Nakuru

Hiki kisa ni cha tangi la maji ya chumvi lililo kwa kliniki moja ya meno hapa Nakuru, pale wagonjwa wanapongojea. Nakiandika chote kwa sababu kila mtu akiweka gobi, hawa samaki wadogo wa manjano, pamoja na tumbawe la matawi swali linakuja lilelile, huyu samaki anakula tumbawe langu nifanye nini, na jibu watu wanalopeana haraka haraka ni toa samaki. Mimi sikutoa, na daktari hakufurahi siku hiyo, kwa hivyo wacha nieleze nilivyofikia hapo.

Tangi ni la lita kama 200. Ndani kuna mawe, konokono wawili watatu wa kusafisha kioo, tumbawe moja la Acropora, yaani la jamii ya matawi, saizi ya ngumi, na samaki wawili wa manjano tupu, Gobiodon okinawae, wauzaji wanawaita tu gobi wa manjano. Akikomaa kabisa anafika sentimita 3.5 hivi, yaani hata omena mzima anamshinda urefu. Kwao ni magharibi mwa Pasifiki, kutoka visiwa vya kusini mwa Japani mpaka Great Barrier Reef kule Australia. Hana magamba, ngozi yake ni laini imepakwa ute, na mapezi yake ya tumbo yameungana kiasi kwamba anaweza kung'ang'ania tawi hata maji yakisukuma aje. Kuogelea hapendi. Anakaa katikati ya matawi anakuangalia, akitoka ni kunyakua chakula kinachopita alafu anarudi.

Sasa malalamiko. Daktari alinitumia picha kwa WhatsApp na maneno haya, fundi huyu samaki anakula tumbawe langu, kuja umtoe leo kama unaweza. Kwa picha tawi moja lilikuwa na pete nyeupe katikati, nyama yote ya tumbawe imetoka imebaki mfupa, na dada wa mapokezi ndiye alikuwa shahidi, ju yeye ndiye huwalisha na alikuwa amewaona wote wawili wakiuma pale pale asubuhi na jioni kwa siku kadhaa.

Daktari alikuwa na mtuhumiwa wa pili pia, fluoridi. Nilicheka kidogo lakini nilimwelewa. Ukikaa Nakuru unajua hii stori, maji ya visima vingi vya huku Bonde la Ufa yanapita kwa mawe ya volkano yanabeba fluoridi, mara nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo WHO imeweka kama mwisho wa maji ya kunywa, ndio maana wenyeji wengi wana meno ya kahawia na daktari wetu hakosi kazi. Lakini bahari yenyewe ina fluoridi, kama miligramu 1.3 kwa lita, tumbawe limezaliwa ndani yake. Na kliniki iko na mashine ya kuchuja maji, wanachanganya chumvi na maji yaliyochujwa kabisa, kwa hivyo hiyo tuliiweka kando. Mimi maji ya kisima ya huku nikiyakataa kwa tangi la Acropora sababu yangu ni ule umagadi wake, unapandisha alkaliniti, yaani nguvu ya maji kupinga asidi, bila mpango, na Acropora ni tumbawe linalochukia mabadiliko ya ghafla kuliko linavyochukia namba mbaya. Nilipima hata hivyo. Chumvi iko 35 kwa elfu, alkaliniti sawa, kalisiamu sawa, joto nyuzi 25 na kitu.

Hata kama vipimo vingekuwa vibaya, umbo la kidonda lenyewe lilikuwa linasema kitu kingine, na hapa ndio naomba usome polepole kama una tumbawe nyumbani. Joto likizidi, tumbawe linapauka, linapoteza ule mwani mdogo mdogo unaoishi ndani ya nyama yake na unaolilisha, lakini nyama yenyewe bado iko, ukiangalia karibu unaona polipu, vile vidomo vidogo vya tumbawe. Na linapauka kwa upana, haliwezi kuchagua tawi moja liache mengine. Alkaliniti ikiruka, mara nyingi nyama inaanza kuungua kwenye ncha au inabanduka kutoka chini ikipanda. Konokono wa Drupella, wale wanaokula matumbawe, wanaacha eneo jeupe linalopanuka kila usiku, na ukirudi na tochi taa zikiwa zimezimwa utawapata wamejikunja chini ya matawi. Nilirudi na tochi. Hakuna konokono, hakuna minyoo bapa, hakuna alama za kuumwa umwa zilizotawanyika. Kulikuwa na pete moja, safi, ukingo wake umenyooka, upana kama wa ukucha wa kidole kidogo, na juu yake na chini yake polipu zimetoka zinakula vizuri kabisa.

Mnyama anayekula kwa njaa hana nidhamu hiyo.

Nikaomba lenzi. Kliniki ya meno lenzi hazikosi, daktari alinipa ile yake ya kuvaa kichwani, na nikakaa kwa stuli mbele ya tangi na wagonjwa wananiangalia kama mimi ndio samaki. Ile pete haikuwa nyeupe tupu. Ilikuwa imejaa mayai, mamia, yamepangwa kwa mstari yamezunguka tawi lote, kila yai limeshikilia mfupa kwa ncha moja. Na yule gobi mmoja alikuwa amelala juu yake anayapepea kwa mkia na mapezi ya kifua, mwenzake akipita karibu anamwacha, konokono akipita karibu anamgonga na kichwa.

Hivyo ndivyo wanavyozaa. Yai haliwezi kushika kwa nyama hai ya tumbawe, ina ute na ina seli za kuchoma, kwa hivyo wawili hawa wanachuna nyama kwa tawi walilochagua mpaka mfupa uonekane, jike anataga pale kwa kuzunguka, dume anarutubisha na anabaki kulinda mpaka yaanguliwe baada ya siku chache. Dada wa mapokezi aliona ukweli, waliuma kweli, ila hawakuwa wanakula, walikuwa wanafagia mahali pa kutagia. Nilimwonyesha kupitia ile lenzi akaita mwenzake wa bili, na yule wa bili akaita mgonjwa, foleni ikasimama kidogo.

Lakini daktari akanishika hapo, na swali lake lilikuwa zuri. Akasema haiwezekani, alipowanunua muuzaji alimhakikishia wote ni majike, na alichagua hivyo makusudi ili wasipigane. Kwanza, muuzaji hakuwa na njia ya kujua. Rangi ni moja, umbo ni moja, tofauti ni kale kadude kadogo karibu na njia ya haja, ka dume ni karefu kamechongoka, ka jike ni kafupi kamenenepa, na kukaona lazima umshike samaki umweke chini ya lenzi kubwa, hakuna mtu dukani anafanya hivyo. Pili, hata kama alikuwa anasema ukweli siku ile, ukweli huo haukai. Samaki wa jamii ya Gobiodon wanabadilisha jinsia, na si kwa upande mmoja kama samaki wengi wa mwamba, wanaenda na wanarudi. Mtafiti Philip Munday na wenzake walionyesha hii mwaka 1998 kwa Gobiodon histrio, ndugu wa hawa wetu, kule Australia, na kabla yake Wajapani walikuwa wameiona kwa ndugu zake wa Paragobiodon. Ukiweka majike wawili kwa tumbawe moja mmoja anageuka dume, ukiweka madume wawili mmoja anageuka jike, inachukua wiki kadhaa tu.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Fikiria maisha yake. Ni samaki wa sentimita tatu, haogelei vizuri, kutoka tumbawe moja kwenda lingine ni kupita uwanja uliojaa midomo. Akipata tumbawe zuri anabaki hapo miaka. Mwenzi anayempata ndani ya tumbawe hilo ndiye huyo, hana nafasi ya kwenda kutafuta mwingine, na wakikutana wote ni jinsia moja ni rahisi na ni salama zaidi kubadilisha mwili kuliko kuhama. Daktari aliposikia hii alinyamaza kidogo alafu akasema basi muuzaji hakunidanganya. Nikamwambia labda, lakini usimwamini kwa hilo.

Kuna kipande kingine cha historia ya hili tangi ambacho alikuwa amekisahau mpaka nilipouliza mbona tangi la lita 200 lina samaki wawili tu. Kulikuwa na wengine, chromis wa kijani. Usiku mmoja stima ilipotea, pampu zikasimama, hakuna betri hakuna jenereta, na asubuhi chromis wote walikuwa wameelea. Gobi walikuwa palepale kwa tawi wakingoja chakula. Daktari aliona ni bahati. Haikuwa bahati hata kidogo na nitakueleza kwa nini.

Maji yanashika oksijeni kulingana na hewa iliyo juu yake, na Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa, kwa hivyo tangi letu linaanza usiku na oksijeni kidogo kuliko tangi kama hilo pwani. Pampu zikisimama, mawe yanapumua, konokono wanapumua, na tumbawe lenyewe usiku halitengenezi oksijeni linaitumia. Chromis ni samaki wa maji yanayotembea, alikosa hewa akafa. Gobi yeye huko baharini kila usiku analala mahali pabaya kama hapo, katikati ya matawi yanayokausha oksijeni kumzunguka, na hawezi kutoka ju nje kuna wanaomngoja. Göran Nilsson na wenzake walimpima Gobiodon histrio kule Lizard Island, kisiwa cha Great Barrier Reef, wakachapisha mwaka 2004, akavumilia maji yenye oksijeni kidogo sana kwa masaa mawili. Na zaidi, maji yakikupwa kabisa tumbawe likabaki juani, huyu samaki anabaki ndani ya matawi yaliyolowa anapumua hewa, walimweka nje ya maji akakaa zaidi ya masaa 3. Kutokuwa na magamba kunamsaidia hapo, ngozi yake tupu inaingiza hewa.

Nimeileta hii kwa sababu inaonyesha samaki ameenda mbali kiasi gani ili asihame nyumba. Mwili, jinsia, pumzi, vyote vimepangwa kuzunguka tumbawe moja. Sasa swali la haki ambalo daktari alikuwa anauliza bila kulisema ni hili, na tumbawe linapata nini?

Baharini linapata. Mimi huona ile pete ya mayai kama kodi ya nyumba iliyogeuzwa, mwenye nyumba ndiye anatoa kipande cha nyama yake na mpangaji analipa kwa kazi ya usalama. Danielle Dixson na Mark Hay walifanya jaribio Fiji, likatoka mwaka 2012 kwa jarida la Science. Kuna mwani wa kijani unaitwa Chlorodesmis fastigiata, una sumu, ukigusa Acropora nyama inaungua. Wao waliuweka mwani ukigusa matumbawe ya Acropora nasuta, mengine yakiwa na gobi, mengine hayana. Ndani ya dakika 15 gobi walikuwa wametoka wameanza kuupunguza mwani kwa meno. Baada ya siku tatu mwani ulikuwa umepungua kama asilimia 30 na madhara kwa tumbawe yalikuwa chini kwa asilimia 70 mpaka 80. Kilichonishangaza mimi ni kwamba gobi hawakuitwa na mwani, waliitwa na tumbawe. Ukichukua maji ya karibu na tumbawe lililoumia ukayamwaga hapo, wanakuja, ukimwaga kemikali ya mwani peke yake hawajali. Na samaki wengine waliokuwa wakiishi kwa matumbawe hayohayo, walihama tu.

Gobiodon histrio kwa jaribio hilo alikuwa anaumeza huo mwani na ute wake unazidi kuwa na sumu. Ute wa hawa gobi ni mchungu na ni hatari kweli, samaki mkubwa akimmeza mara nyingi anamtema, na ukimweka gobi kwa ndoo ndogo na samaki wengine akiwa ameshtuka, wenzake wanaanza kupinduka pinduka kwa ajili ya kile anachotoa kwa ngozi. Hii peke yake ni sababu ya kutokimbilia kumtoa. Kumtoa pia si kuweka wavu tu, akiogopa anajibana ndani kabisa ya matawi na hatoki, watu wanaowavua kwa biashara wengine wanavunja tawi zima ndio wampate. Sasa wewe unataka kuokoa tawi moja kwa kuvunja tumbawe?

Shida ya tangi la daktari ni kwamba ile hesabu ya baharini hapa haisimami. Hakuna Chlorodesmis humu, hakuna adui mkubwa wa kufukuzwa, kwa hivyo tumbawe linatoa na halirudishiwi kitu cha maana. Na ni dogo. Acropora ya baharini yenye upana wa sufuria ina matawi mia na zaidi, pete moja ni mchubuko. Hii ya saizi ya ngumi ina matawi kumi na kitu, na gobi wakishaanza kuzaa wanarudia kila baada ya wiki chache, wakichagua tawi jipya kila mara tumbawe litabaki mifupa. Daktari alikosea kumwita samaki mwizi, lakini hofu yake kuhusu tumbawe ilikuwa ya kweli kabisa na sikumwambia vinginevyo.

Uamuzi wangu ulikuwa samaki wabaki, tumbawe liongezeke. Nilileta kipande kingine cha Acropora, kikubwa kuliko cha kwanza, kimekuzwa kwa tangi la mtu Nairobi na karatasi zake ziko, maana matumbawe magumu yako chini ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini, Kiambatisho cha 2, na mtu akikuuzia bila kuweza kusema limetoka wapi achana naye. Daktari alikuwa ameuliza kama hatuwezi tu kushuka Kisite tukachukua moja. Hapana, pale ni hifadhi ya taifa ya bahari, KWS, shirika la wanyamapori, hawaruhusu utoe hata kombe. Na pwani yetu haina matumbawe ya kugawa, joto la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na tumbawe la matawi likifa gobi wake hawana pa kwenda. Lizard Island walipigwa na vimbunga viwili mwaka 2014 na 2015 alafu joto 2016 na 2017, na gobi wa Gobiodon walipungua vibaya sana, wengi wa waliobaki wakawa wanapatikana wakiwa peke yao kwa tumbawe.

Cha pili ni chakula. Hawa wana tumbo dogo sana, kulishwa mara moja kwa siku wanakonda wakiwa wanakula, nilimwambia dada awape kidogo kidogo mara tatu, artemia, vile viduduvidudu vya maji ya chumvi, na mayai ya samaki, akiwalenga kwa bomba la sindano karibu na tawi. Sindano kliniki ya meno ziko tele. Cha tatu betri ya pampu moja, ju stima itapotea tena na hilo halina mjadala.

Matokeo ni nusu nusu. Mayai yalianguliwa na yakaisha, vifaranga ni vidogo mno vinaelea na maji, pampu na filta zikawamaliza, sikutarajia kingine. Tawi lililochunwa nyama imerudi kutoka chini na kutoka juu, lakini katikati mwani wa nyuzi ulishika kabla nyama haijafika na hapo nadhani patabaki hivyo, unaweza kukata tawi chini ya hapo likachipua upya ila nimesema tusubiri. Gobi wamehamia lile tumbawe kubwa wakaanza pete nyingine, na safari hii daktari amenitumia picha bila malalamiko, ameuliza tu kama tunaweza kuongeza gobi wa tatu ju watoto wanaokuja kung'olewa meno wanawapenda.

Nimekataa. Okinawae waliokomaa wawili wakishapatana kwa tumbawe dogo wa tatu atafukuzwa, na kwa tangi hakuna pa kufukuziwa, atauawa polepole kwenye kona. Kuna ndugu zao wengine, Paragobiodon xanthosoma, wanaoishi wengi kwa tumbawe moja kwa foleni ya ukubwa, na kule wadogo wanajinyima chakula makusudi wasikue wakamkaribia aliye juu yao, maana wakimkaribia sana anawatoa nje. Lakini hao wanaishi kwa Seriatopora, tumbawe la jamii nyingine, na si Acropora, na daktari hana Seriatopora.